Kichwa cha Dinosaria na Karo ya Muhula wa Tatu

Jambo lote lilinigharimu shilingi elfu ishirini na moja na mia nne, kuku mmoja wa kienyeji, na salamu za mwalimu mkuu, ambazo mpaka leo hazijarudi. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilimsahau kuku.

Tena sikwenda kununua dinosaria. Nataka hilo lieleweke mapema, maana Ukunda watu husema. Nilikwenda kununua magodoro. Hoteli moja ya Diani ilikuwa inafungwa ijengwe upya, vyombo vyake vinapigwa mnada uani, na hiyo ndiyo kazi yangu: nanunua vitu vya hoteli vilivyochoka, nawauzia watu ambao hawajachoka. Shuka, vioo, birika, viti vya ufukweni. Kando ya hapo nina kibanda cha gemu barazani kwangu, televisheni tatu na viti sita vya plastiki, na mwaka huu watoto wanataka gemu moja tu, ile ya mijusi mikubwa iliyotoka baada ya filamu yake. Unakimbia msituni, unavuka mto, halafu mbele ya lango amesimama jitu la kijani lenye meno. Ukimkata kichwa, lango linafunguka, umepita. Hakuna mtoto wa Ukunda aliyewahi kupita. Mimi sikusikitika. Anayeshindwa hulipa tena.

Basi magodoro yalikuwa manane, mazuri, hayana historia ya kusimuliwa. Lakini yalifungwa fungu moja na kitu kilichoandikwa mapambo ya kilabu cha watoto, na nilipopelekwa nyuma ya bwawa la kuogelea kuyaona hayo mapambo, yalikuwa yamesimama kwa miguu miwili yakinitazama.

"Huyu ni nani?" nikamwuliza dalali, kijana wa bara aliyegeuza kofia nyuma mbele.

"Dino, mathe. Watoto wa watalii walikuwa wanamfeel vibaya sana, hawambanduki."

"Mimi nataka magodoro."

"Lot ni moja. Huwezi beba magodoro uache dino."

"Basi nipunguzie."

"Nikupunguzie na nimekuongezea?"

"Ndiyo hasa. Godoro nitalilalia. Huyu nitamlisha nini?"

Akacheka, na dalali akicheka ameshapunguza. Ishirini ikawa kumi na nane. Katika maisha yangu ya kununua sijawahi kulipwa elfu mbili ili nibebe dinosaria, na nilijiona mjanja mpaka tulipojaribu kumpakia.

Alitengenezwa kwa faiba, ile wanayozibia mashua za kutembeza watalii. Ndani mtupu, nje wa kijani kibichi, kimo chake mlango na nusu. Mikono miwili midogo ya kuombea chumvi kwa jirani. Meno arobaini na mawili; nikayahesabu tena, arobaini na moja, na moja shimo. Mkia haukuingia kwenye pikapu niliyoikodi kwa elfu mbili, ukabaki nje, tukaufunga kitambaa chekundu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alituzunguka, akamgonga paja, paja likalia kama tangi la maji.

"Kibali kiko wapi?"

"Kibali cha nini, afande?"

"Cha mnyama. Ng'ombe wakitoka mnada wa Kinango huja na kibali."

"Huyu hakutoka Kinango."

Akafikiri. "Ametoka wapi?"

"Hotelini."

Akatufungulia njia. Huku kwetu kitu kikishatoka hotelini hakiulizwi tena.

Sasa, binti yangu wa mwisho yuko gredi ya sita katika shule moja ya binafsi hapa mjini. Ameanza pale chekechea, na muhula wa tatu ndio wa mtihani. Karo ya muhula huo sikuwa nayo. Pesa yangu yote ilikuwa imelala juu ya magodoro manane na hakuna mnunuzi aliyekuja kuiamsha. Binti hakuuliza. Yeye hauulizi umaskini, huutazama tu, kama anayesubiri chai ipoe. Ila jioni moja nilimsikia akimwambia rafiki yake kwenye ua, "Nitafanyia mtihani palepale. Mama anajua la kufanya." Mama alikuwa hajui.

Mwalimu mkuu wa shule hiyo ni mama wa bara, mwimbaji wa kwaya, mtu mwema kabisa aliyeingiwa na mapambo. Muhula wa pili alikuwa anaandaa siku ya wazazi, na kwa kuwa watoto walizungumza mijusi kutwa kucha, akaamua shule nzima iwe zama za mijusi. Ukuta wa chekechea ulichorwa volkano. Chini ya mwembe wa shule kuliwekwa mayai makubwa ya magazeti na gundi ya unga, na mchwa wakaanza kuyala kabla ya wazazi kuyaona. Watoto wa PP2, wale wakubwa wa chekechea, walishonewa mikia ya magunia. Na kutoka langoni nyayo za vidole vitatu zilipigwa chokaa chini, hatua kwa hatua, mpaka mlango wa mhasibu. Hizo nyayo nilizipenda. Zilisema kweli.

Aliposikia nina dinosaria alikuja mwenyewe.

"Mama, habari za nyumbani?"

"Njema, mwalimu. Karibu." Lakini macho yake yalishanipita, yako nyuma yangu.

"Ni bei gani huyu?"

Siku hizo sikuwa nikitaka pesa, nilitaka muhula wa tatu. Lakini ukimwambia mtu unachotaka, amekushika. Nikataja karo ya mwaka mzima. Akashika kifua. Nikashuka hadi mihula miwili. Akashika pochi, kuonyesha ni nyepesi. Tukazunguka zunguka, chai ikaletwa, ikanywewa, na mwisho akasema neno nililokuwa nalingoja tangu hodi: karo ya muhula wa tatu.

"Na chakula cha mchana," nikasema.

"Na chakula cha mchana. Ila namtaka na kila kiungo chake, mama. Asije akapungua."

"Hesabu mwenyewe."

Akahesabu miguu, mikono, mkia, kichwa. Tukapeana mkono. Binti yangu alikuwa dirishani, akafunga pazia taratibu. Nilijua anacheka.

Kosa la kwanza lilikuwa la mwalimu mkuu. Kwa kuogopa wezi, alimsimamisha dinosaria uani mwa shule siku hiyohiyo, akamwagia zege mpaka vifundoni. Kosa la pili lilikuwa letu sote, na mtu asiye wa hapa hawezi kulielewa mpaka aelezwe. Shule ile imejengwa kwenye kiwanja cha wakfu wa msikiti. Kamati ya msikiti ndiyo mwenye nyumba, hupokea kodi kila mwaka. Msikiti uko kusini, shule kaskazini, ukuta mmoja katikati. Na kibla chetu sisi watu wa pwani hii ni kaskazini. Mbele ya safu ya kwanza, juu ya ukuta, kuna dirisha refu la kuingiza upepo. Dinosaria aliposimamishwa akitazama kusini, kichwa chake kilijaa ndani ya dirisha lile kama picha kwenye fremu.

Imamu wetu ndiye aliyenifundisha Kurani nikiwa na meno ya utotoni. Alinikuta kibandani baada ya Alasiri. Watoto wakazima sauti za televisheni wenyewe.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Ule mjusi ni wako?"

"Nimeshauza, Maalim."

"Kwa hivyo ulikuwa wako." Akakaa kwenye kiti cha plastiki. "Leo nimetoa salamu, nimeinua macho, nikamwona. Anacheka."

"Hacheki. Ndivyo alivyoumbwa."

"Hakuumbwa. Ametengenezwa, na hilo ndilo tatizo. Safu nzima imemwelekea yeye. Mgeni akichungulia pale mlangoni ataona nini? Ataona Waislamu wa Ukunda wanamrukuu kenge."

Tulijaribu kumaliza kwa wema. Dirisha likazibwa ubao; safu ya mbele ikakosa upepo, na mzee mmoja alipotoka amelowa jasho akasema afadhali kenge. Ubao ukatolewa. Nikapendekeza tumfunike, nikaleta shuka mbili za hoteli, nyeupe, safi, nikazishona kwa mkono wangu. Tukamvisha. Akasimama pale kimo cha mlango na nusu, mweupe tangu kichwa mpaka mguu, upepo wa bahari ukimpepea. Zamani alikuwa mjusi mbele ya jamaa. Sasa alikuwa imamu wa pili.

"Mvueni," Maalim alisema, bila kuinua sauti. "Mvueni haraka kabla ya Magharibi."

Kugeuzwa haikuwezekana, zege lilishashika. Tukakutana ofisini kwa mwalimu mkuu, sisi watatu, chini ya mjusi wa karatasi aliyening'inia kwenye feni. Maalim akasema kamati imeanza kunong'ona habari za kiwanja, naye hataki kufika huko, kwa hiyo kuna njia. Sanamu ikiondolewa kichwa si sanamu tena. Inahesabiwa kama mti.

Mwalimu mkuu akauliza kwa heshima, "Mti wenye mkia?"

"Mti, mwalimu."

"Na mikono?"

"Matawi."

Akanigeukia mimi. "Mama, mimi nilinunua na kichwa."

"Na kichwa nilikuletea."

"Kichwa kikitoka, mapatano yametoka."

"Kimetoka mkononi mwangu au mwako? Nikikuuzia mbuzi, ukamchinja, unarudi kunidai mbuzi?"

"Simchinji mimi! Anachinjwa na..." Akamtazama Maalim, akameza maneno. "Binti yako ni mtoto mzuri, mama. Lakini shule nayo ina bajeti."

Nikatoka pale nikijua muhula wa tatu wa mwanangu umewekwa juu ya shingo ya mjusi wa faiba.

Fundi aliyekuja ni yule azibaye mashua, na alikuja na grainda la kukatia na waya mrefu wa umeme. Nilimlipa mimi, maana mwalimu mkuu alisema hatalipia kuharibiwa mali yake. Elfu moja. Fundi akapokea, akasimama tu.

"Nini tena?"

"Mchinjaji ana fungu lake, mama. Huyu hana nyama. Nitarudi nyumbani na nini?"

"Huchinji, unakata faiba!"

"Nakata shingo. Watu wameshaniona."

Na kweli walikuwa wamejaa: wauza viazi, waendesha bodaboda, mpishi wa shule aliyetoka na beseni, sijui kwa kutaraji nini. Ndipo alipoondoka kuku wangu. Fundi akapanda ngazi, akapima, na kwa kuwa ni mtu ambaye hata mfereji hafungui bila kumtaja Mola, akasema Bismillahi kwa sauti.

"Aelekezwe kibla kwanza!" mmoja akapiga kelele.

"Hawezi, amewekewa zege!"

"Basi si halali!"

"Hata akielekea! Huyu ana meno ya kurarua, haliwi tangu zamani."

"Mimi nichinjieni paja tu, nitatubu baadaye," akasema mwendesha bodaboda.

Maalim alikuwa upande wa pili wa ukuta, nikamwona ametoa kichwa dirishani, palepale alipokuwa akionekana mwenzake. "Hii si kuchinja!" akasema. "Jamani, hii ni kukata! Msichanganye mambo!" Lakini grainda lilishaanza kulia na vumbi jeupe likawamwagikia wote, waumini na wasio waumini.

Mwalimu mkuu alikuwa amewafungia watoto madarasani wasione jambo la kuwahuzunisha. Aliwafungia milango. Madirisha hakuyakumbuka. Niliwatazama na roho ikaniuma. Vichwa vidogo vimepangwa kwenye nondo, macho yametoka. Kichwa kikaegama, kikaning'inia kwenye ukanda mmoja wa faiba, kikaanguka mchangani kwa kishindo cha pipa.

Halafu darasa zima la PP2 likapasuka: "Tumepita!"

Sikuwahi kusikia furaha ya namna ile, hata siku ya idi. Muhula mzima walikuwa wanaliwa na jitu lile barazani kwangu, na leo limeanguka mbele ya macho yao. Waliusukuma mlango mpaka komeo likaachia, wakamwagika uani na mikia yao ya magunia, na hawakusimama kutazama kichwa hata kidogo. Walikwenda langoni. Kwa mujibu wa gemu, lango lilitakiwa kufunguka, na bawabu, aliyekuwa amekuja kuona kichwa, alikuwa ameliacha wazi. Wakatoka. Mwalimu mkuu akawakimbilia barabarani viatu mkononi, akiita kila jina analolijua, na sisi wote nyuma yake. Tuliwakuta kibandani kwangu, wamekaa wawili wawili kwenye viti sita na wengine chini, wanangoja ngazi inayofuata. Niliwahesabu mara mbili na mwalimu mkuu naye akawahesabu, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho hesabu zetu zikakubaliana. Sikuwatoza. Nataka hilo pia lieleweke.

Siku ya wazazi ilipofika nilikwenda nikiwa nimejiandaa kulia. Nilikuta foleni. Shingo ya dinosaria ilikuwa wazi juu, kama kinywa cha mtungi, na mzazi mmoja alikuwa amepanda meza iliyowekwa nyuma, akatokeza kichwa chake pale ili mwanawe ampige picha. Basi, ikawa hiyo. Baba mtu na tai shingoni, mwili wa mjusi. Nyanya mmoja kutoka Kombani na mtandio wake, mwili wa mjusi. Mwalimu mkuu alisimama kando na mkebe, hamsini kwa kichwa. Nilihesabu foleni, nikazidisha, nikahesabu tena. Akiwa na kichwa asingepata hata shilingi. Nani angelipa kusimama karibu na kitu anachokiona bure?

Nikamsubiri mpaka mkebe ulipojaa.

"Mwalimu, naona mti umezaa."

"Mama, hii ni ya kununua madawati."

"Imetokana na kukosekana kwa kichwa. Kukosekana nimekugharimia mimi. Elfu moja na kuku."

"Mwili ni wangu, na mapato ya mwili ni yangu. Kichwa uliahidi, kichwa sina. Niletee kichwa, binti yako aje."

Alisema hivyo huku akitabasamu kwa wazazi wengine, na hizo ndizo salamu za mwisho nilizopata kwake.

Kichwa kilikuwa kwangu. Nilikikodia mkokoteni, mia nne, siku ileile kilipoanguka, maana fundi alikuwa ameanza kukitazama kwa jicho la mashua. Nikakiweka mlangoni pa kibanda na biashara ikachangamka. Watoto walikuja hata kutoka Msambweni kukipigia saluti. Maalim akaja tena.

"Mwanangu, nilisema kitoke pale. Sikusema kije hapa."

"Mwili umekuwa mti, Maalim."

"Na kichwa je? Sanamu ni kichwa. Ulichonacho wewe ndicho chenyewe."

Nikakihamishia bandani kwa kuku, uso ukutani. Kuku waliobaki wamekipenda, mmoja anatagia mdomoni.

Nikamwuliza Maalim, kwa adabu zote, kama nikikirudisha shuleni kikafungiwa ofisini, mbali na dirisha, itakuwaje. Akafikiri sana, sikumwona akifikiri hivyo tangu nikiwa mtoto chuoni kwake. Akasema kichwa na mwili vikiwa kiwanja kimoja, kamati itasema sanamu imerudi, imelala tu vipande viwili. Kwa hivyo kichwa hakiwezi kwenda shuleni. Na bila kichwa kwenda shuleni, mwanangu haendi. Nimelipindua jambo hili pande zote kama ninavyopindua godoro, sijaona mshono.

Likizo imekwisha. Binti amemaliza vitabu vyake vyote akisomea kivulini pa banda, kichwa kikimtazama kwa nyuma. Jana aliniuliza, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Mama, nikiulizwa kwa nini sikufanya mtihani, niseme nini?" Nikasema, "Sema mama yako anapatana." Akasema, "Unapatana na nani? Mmoja anataka kichwa na mwingine hakitaki." Ametoa hesabu yote kwa maneno machache. Amerithi.

Basi ninyi mnaosoma, mwenye kujua biashara, mwenye kujua dini, na hasa mwenye kujua zote mbili: nishaurini. Ni mimi ninayemdai mwalimu mkuu, au yeye ananidai? Mapato ya shingo tupu ni ya nani? Kama mnaona ni yangu, mwambieni yeye, maana mimi hanisikii. Kama mnaona ni yake, niambieni mimi, lakini taratibu. Na ikiwa kuna shule ya mbali na misikiti, huko Majoreni au kwingineko, inayotaka kichwa peke yake kwa karo ya muhula mmoja wa gredi ya sita, kina meno arobaini na moja na yai moja, njooni tuzungumze. Bei nitaanza juu, msikasirike, ndivyo ninavyosalimia. Ila mje kabla ya Jumatatu. Sare ameshaipiga pasi.